Shati la Miavuli

Vibanio vya nguo vililia gizani, ndani ya kopo lao la biskuti. Tik, tik. Kimya. Kisha tik nyingine, ndogo, ya mtu anayejitahidi asisikike.

Nathalie alifumbua macho. Hakuhitaji saa kujua kwamba alfajiri ilikuwa bado changa, ile ambayo mtaa mzima wa Ganshoren unanyamaza mpaka unasikia radiata ikipumua ukutani. Alinyoosha mkono upande wa pili wa kitanda. Shuka lilikuwa na joto bado, lakini mwenye joto lake alikuwa sebuleni, akipapasa kianikio cha nguo kama mtu aliyepoteza funguo.

"Kale," aliita kwa sauti ya chini. "Washa taa basi."

"Nitaamusha mutoto."

"Mutoto analala kama gunia. Washa."

Taa ikawaka, na Kalenga akaonekana amesimama katikati ya sebule na suruali yake ya kazi na fulana, kopo mkononi, kibanio kimoja kimembana kidole. Nywele zake alizozinyoa fupi zilikuwa bado na alama ya mto. Miaka miwili wamekuwa pamoja, na bado kila Nathalie alipomwona hivi, mabega mapana, shingo ndefu, uso wa mtu anayetaka kucheka lakini anajizuia, kitu fulani ndani ya kifua chake kilihama nafasi.

"Shati yangu ya mweupe haiko," alisema Kalenga. "Ile ya mukono mufupi."

Shati hilo halikuwa la mikono mifupi. Lilikuwa la mikono mirefu, ila mmoja ulikuwa umepungua. Mwaka jana Kalenga aliunguza ncha ya mkono wa kulia wa shati kwa pasi, akaikata, akakunja pindo jipya mwenyewe, na tangu hapo mkono wa kulia ukawa unaishia vidole viwili juu ya ule wa kushoto. Nathalie alimwambia alitupe, lakini Kalenga alilipenda vile vile. Kola yake ilikaa vizuri, mabega yake yalikaa vizuri, na ndilo alilovaa siku walipokutana. Kila Jumamosi ya kazi alilikunja ndani ya begi, na akimaliza zamu yake ya kuendesha tramu, alivua sare akalivaa.

"Leo unalitakia nini?" Nathalie aliuliza, ingawa alijua.

"Nyinyi mukienda kwenye harusi, mimi nitaenda kula frites yangu peke yangu. Alors niende nimevaa vizuri."

Alisema kama mzaha, na mzaha ukaanguka chini ukabaki pale.

Siku hiyo Noé, ndugu pekee wa Nathalie, alikuwa anaoa. Kama ilivyo kwao, mama mzazi alikuwa amenunua kikwembe kimoja kwa familia yote, hicho ambacho Watanzania wanakiita kitenge, akakigawa vipande vipande. Rangi ya haradali, yenye miavuli midogo ya buluu. Maman Claudine, mama huyo, alikichagua mwenyewe, akasema katika mji huu hata furaha inahitaji mwavuli. Anayepewa kipande ni wa nyumba. Asiyepewa ni mgeni, atakaa meza za nyuma, atakula vizuri, atacheza, lakini kila mtu ukumbini atajua kwa kumtazama tu kwamba ni mgeni.

Kalenga hakukataliwa kipande, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Maman Claudine alisema yuko tayari kumpa, kwa sharti moja: yeye ni mwanamke, akishone kama wanawake wote wa familia, libaya, ile blauzi ya kitenge, na sketi mbili, na kilemba kichwani. Nyumbani avae anavyotaka. Siku ya Noé, mbele ya jamaa wa Liège na wa Paris, avae kama mwanamke. Kalenga alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akasema, maman, nashukuru, lakini hiyo nguo ingeenda kwenye harusi na mimi ningebaki nyumbani. Kisha akaomba apangiwe kazi Jumamosi hiyo.

Sasa alikuwa ameketi kwenye mkono wa kochi, akivaa soksi.

"Jumatano nani alikuwa hapa?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Nathalie alikuwa amekwisha kufika kwenye swali hilo kabla yake, na ndiyo maana lilimuuma zaidi. Kila Jumatano, shule ikifunga mchana, mama yake huja kukaa na mjukuu wake Océane. Jumatano hii alisimama hapo hapo mbele ya kianikio, akaligusa lile shati kwa ncha za vidole, akasema shati la kiume likining'inia dirishani namna hii majirani watadhani umeolewa bila kutualika.

"Mama hawezi kuchukua kitu cha mtu," Nathalie alisema.

"Mimi sijasema jina la muntu."

"Lakini unafikiri."

"Na weye unafikiri." Kalenga alisimama, akavaa koti la sare. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Kikwembe ni yake, anaweza kunipa, anaweza kuninyima. Lakini shati ni yangu, Nathalie. Kama ameitupa, basi hataki hata nikae vile nilivyo huku kwetu, mu nyumba yetu."

"Basi na mimi siendi."

"Utaenda. Noé ni ndugu yako, atakutafuta kwa macho." Alimwinamia, akamshika uso kwa viganja vyake viwili, akambusu katikati ya nyusi, polepole, kama mtu anayegonga muhuri. "Na usilie. Ukivimba macho, bantu watasema ni mimi."

Mlango ukafungwa. Nathalie alibaki ameketi, kopo la vibanio mapajani, akisikia viatu vikishuka ngazi.

Walikutana kwenye darasa la jioni la Kiholanzi. Nathalie alikihitaji kwa ajili ya kazi yake ya kutunza wazee, Kalenga alikihitaji kwa ajili ya abiria. Jioni ya pili mwalimu alimtaka kila mwanafunzi aeleze, kwa sentensi tatu, mtu aliyemwona kwenye televisheni akiwa mtoto na akatamani kuwa yeye. Mwanamke mmoja mwenye shati jeupe alisimama nyuma, akajikwaa kwenye vitenzi vyote, akaeleza juu ya mama mmoja katika mchezo wa Alhamisi, aliyeitwa Chauffeur Mbombo, aliyeendesha lori, akivaa suruali na kofia, akipiga mluzi, na wanaume wa sokoni wakimwogopa na kumpenda. Nathalie aligeuka kwenye kiti chake kama aliyeitwa kwa jina la nyumbani. Kalenga, mwenye shati lile, alikulia Lubumbashi, yeye Bukavu, nchi nzima kati yao, na Alhamisi jioni walikuwa wakimtazama mtu mmoja.

Wanawake wengine wa televisheni ile walilia, waliibiana waume, walipigana na mawifi. Mbombo peke yake alikuwa na funguo mkononi. Kalenga, mtoto wa miaka kumi na miwili, alitaka kuwa yeye. Nathalie, mdogo zaidi, hakutaka kuwa yeye hata kidogo. Alitaka kuketi pembeni yake ndani ya lori, na hakujua kwa nini jambo hilo lilimfanya aone haya.

Baada ya darasa walitoka pamoja kwenye mvua, wakabishana mpaka kituo cha basi juu ya mwisho wa mchezo. Kalenga alisema mwishoni walimvalisha Mbombo gauni jeupe, akauza lori, akaolewa, watu wakapiga makofi. Kwa siku nyingi baada ya hapo yeye hakutaka kutazama televisheni. Nathalie alisema haiwezekani. Yeye alikumbuka wazi: Mbombo alipanda lori lake, akafunga mlango, akaondoka akiimba. Hata wimbo aliukumbuka, akauimba pale kituoni, na Kalenga akasahau kupanda basi lake.

Tangu hapo ubishi ule ukawa mchezo wao. Waliubishania kitandani, sokoni, mezani kwa Maman Claudine. Hakuna aliyekubali kushindwa.

Kulipopambazuka, Océane aliamka na njaa. Alikuwa na miaka saba na jino moja lililokuwa likitingishika. Nathalie alimpakia mkate siagi, akamuuliza kama Jumatano aliona shati jeupe la Tantine Kale, yaani shangazi Kale. Mtoto akajaza mkate mdomoni, wote kwa mara moja, akatazama dari.

"Océane."

Mtoto alionyesha mashavu yake yaliyojaa, kwamba haiwezekani kuongea na chakula mdomoni, si umenifundisha mwenyewe. Alitafuna kwa muda mrefu kuliko mkate ule ulivyohitaji. Na Nathalie akapata jibu alilokuwa akiliogopa.

Katika basi la kwenda kwa mama yake, Berchem-Sainte-Agathe, alipanga maneno. Aliyapanga kwa Kiswahili, akayapanga upya kwa Kifaransa, kwa sababu kwa Kifaransa aliweza kuwa mkali bila sauti kutetemeka. Miaka yote alikuwa mtoto anayeelewana na mama. Alipoachana na baba ya Océane, mama alibeba masanduku. Alipomwambia juu ya Kalenga, mama alinyamaza wiki nzima, kisha akapiga simu kuuliza kama huyo mtu anakula samaki. Nathalie aliona hiyo kuwa njia iliyofunguka. Sasa, kwa ajili ya shati, ilibidi achague aingie ukumbini na nani. Aliamua kwamba akisikia shati limetupwa, atakataa libaya lake mwenyewe, na miavuli yake, na watu wa Liège waseme.

Maman Claudine alifungua mlango akiwa na sketi ya harusi na blauzi ya zamani, mikono ikinuka sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye nyusi zilizochorwa tayari kwa siku kuu.

"Mbona unaniangalia hivi?"

"Mama, shati ya Kalenga iko wapi?"

"Iko mu chumba," alijibu kama aliyeulizwa chumvi.

Maneno yote ya Kifaransa yalimtoka Nathalie kichwani. "Basi uliichukua."

"Niliichukua. Nilipanda juu ya kiti, na huyu alinishikia sachet ya kuitilia." Alimnyooshea Océane kidevu, na Océane akajificha nyuma ya koti la mama yake. "Hakusema?"

"Hakusema."

"Mutoto muzuri. Ingia. Toa viatu kwanza, nimepiga deki."

Kitandani nguo za familia zilikuwa zimelazwa moja moja, kama watu waliopumzika: shati la baba, libaya tatu, gauni dogo la Océane. Na mwisho, karibu na mto, shati jeupe limekunjwa, na juu yake shati jingine. La rangi ya haradali. La miavuli ya buluu. Kola ile ile iliyosimama kidogo, mabega yale yale, mfuko kifuani upande wa kushoto, mahali ambapo Kalenga huweka miwani yake.

Nathalie alisimama mlangoni na soksi zake. Alijisikia kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu zote kumbe uko wazi.

"Kupima mwili wake singeweza, angejua," mama alisema nyuma yake. "Alors nikapeleka ile inayomukaa vizuri kwa Bertin, kule Matonge. Nikamwambia, shona kama hii, kama hii kabisa, usibadirishe kitu. Alikuwa aimalize kesho yake, Jeudi. Weye unajua mafundi. Jana magaribi njo amenipigia."

Nathalie alilichukua shati, akaliinua kwa mabega. Kisha akaona. Mkono wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto, kwa vidole viwili, na pindo lake limeshonwa kwa uangalifu mkubwa.

"Mama," alisema polepole, "mukono."

"Mukono umefanya nini?"

Nathalie alielezea pasi, kuungua, mkasi. Maman Claudine alishika mikono yote miwili ya shati, akaipima sambamba, akafunga macho.

"Nilimwambia usibadirishe kitu," alisema. "Na huyu bwana kweli hakubadirisha."

Wakatazamana. Kicheko kilianzia tumboni mwa mama, kikamfikia binti, wakaketi ukingoni mwa kitanda wakishikana, na Océane akaja kucheka nao bila kujua sababu. Walipotulia, Nathalie alikuwa na machozi, na hayakuwa ya kicheko tu.

"Lakini ulisema libaya, mama. Ulisema avae kama wanawake wote. Nini imekugeuza?"

Maman Claudine alimwambia Océane aende akaangalie kama babu amepata tai yake. Mtoto alipotoka, alianza kulainisha kilemba mapajani kwa kiganja.

"Dimanche, kisha misa, mulikuwa munabishana kwa meza yangu juu ya ule mama wa lori. Weye unasema alienda zake. Yeye anasema hapana, balimuvalisha robe. Munacheka. Mimi nikaenda kuosha sahani. Unajua juu ya nini nilienda kuosha sahani?"

"Hapana."

"Juu yeye njo anasema kweli."

Nathalie hakuelewa.

"Siku ile courant ilikatika mbele ya mwisho. Ulilia mpaka ukatapika, baba yako akasema ni malaria. Kesho yake jirani akanihadisia yote: robe ya mweupe, lori imeuzishwa, bantu banapiga makofi. Nikarudi nyumba, nikakukuta umekaa kwa mlango unaningoja, na ile macho yako. Nikakuangalia." Kiganja chake kilisimama juu ya kitambaa. "Nikasema, alipanda mu lori yake, akafunga mlango, akaenda akiimba. Sikufikiri mingi. Niliona tu sura yako."

"Na wimbo? Mimi nakumbuka hata wimbo."

"Wimbo niliitunga pale pale. Ni mubaya, ni ya ovyo, na weye unaiimba mpaka leo."

Kitu alichokuwa amekishika maisha yake yote kama kumbukumbu ya televisheni, kitu alichokificha chini ya mto wake wa utotoni, kilikuwa zawadi ya mwanamke huyu mwenye harufu ya sombe.

"Donc," mama aliendelea, "nikiosha zile sahani nikajiuliza. Claudine, weye njo ulimupatia mutoto wako mwanamke wa lori. Sasa amefika mpaka kwa meza yako, anakula, anaongeza, anasema asante maman. Na weye, weye njo unatafuta kumuvalisha robe."

Sebuleni babu alisikika akimwambia Océane kwamba tai haijapotea, imejificha.

"Usifikiri nimeelewa yote," Maman Claudine alisema akisimama, akijifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Kuna siku nasali, sijui hata naomba nini. Na ba tonton ya Liège batauliza, nitabaambia sombe iko tayari. Lakini vaa sasa, chukua mutoto, nendeni mumulete. Kazi yake inaisha mbele ya misa, si ndiyo? Umuambie," alisita, akatafuta neno, "umuambie kwetu mwisho haikuwa ile."

Nathalie alivaa haraka mpaka akakosea ndoana za libaya. Mama yake alimgeuza, akazifungua, akazifunga upya moja moja, kama zamani kabla ya shule.

Gare du Midi, stesheni kubwa ya treni, siku ya Jumamosi ni bahari ya masanduku. Nathalie alipita katikati yake na miavuli yake ya buluu, kilemba kikiinamia upande, Océane akimvuta mkono, na watu waliwapisha njia kama wanavyopisha habari njema. Walifika kituoni chini wakati tramu ya Kalenga ikiingia. Aliyemwona kwanza ni Océane. Alipunga mikono yote miwili.

Kalenga alimkabidhi mwenzake tramu, akashuka na begi lake begani. Alipowaona, uso wake ulifunguka, halafu ukajifunga kwa hofu.

"Kuna nini? Noé?"

"Noé yuko vizuri." Nathalie alikuwa amepanga maneno njia nzima, na tena yakamtoroka. Alimpa mfuko tu. "Fungua."

Kalenga alianza na shati jeupe. Alilishika, akalinusa, lilikuwa limefuliwa upya na kupigwa pasi. Chini yake rangi ya haradali ilimtazama. Alilitoa polepole, akalishika kwa mabega, akaligeuza mbele na nyuma. Abiria walipita. Tramu iliyofuata ilifika, ikaondoka.

"Hii ni shati," alisema mwishowe.

"Ni shati."

"Maman anajua?"

"Mama ndiye aliyeiba lile jeupe akalipeleka kwa fundi liwe kipimo. Alipanda juu ya kiti."

"Na mimi nilishika sachet," alisema Océane, akijisikia huru hatimaye.

Kalenga alivua koti la sare, akaingiza mkono wa kushoto, akaingiza wa kulia, palepale juu ya fulana yake. Kola ilikaa. Mabega yalikaa. Kisha akatazama mkono wa kulia, ulioishia juu ya kifundo, akatazama wa kushoto, akarudi wa kulia.

"Bertin hajabadilisha kitu," Nathalie alisema.

Kalenga alicheka kama watu wa Lubumbashi wanavyocheka wakiwa wengi, mpaka mzee mmoja mwenye toroli akageuka akacheka naye. Na katikati ya kicheko macho yake yakajaa, akayaacha yajae.

Nathalie alimsogelea, akaanza kumfunga vifungo, kuanzia chini. Alimwambia kwa sauti ya chini kila kitu: umeme, jirani, mlango, wimbo. Alipofika kifungo cha juu alikuwa amefika mwisho.

"Umeshinda," alisema. "Ni wewe uliyekuwa unakumbuka vizuri. Lakini mama anasema kwetu mwisho haikuwa ile."

Kalenga alimshika vidole juu ya kifungo.

"Basi mimi nimeshindwa," alisema. "Nahamia kwenye mwisho yako." Kisha, akiwa bado amemshika, akimtazama vile alivyomtazama jioni ile ya mvua: "Mutoto wa Bukavu, unajua mimi nilitaka tu lori. Sikujua kwamba kuna muntu ameshakaa kiti cha pembeni ananingoja."

Nathalie aliona haya zile zile za utotoni zikimpanda shingoni, na safari hii alijua jina lake.

Walifika kanisani misa ikianza, wakaingia kwa mlango wa pembeni, na mara baada ya baraka kila mtu alitoka kusimama kwenye ngazi kwa ajili ya picha. Mvua ilikuwa imekatika. Noé na bibi harusi walisimama katikati, na pande zote rangi ya haradali ikajipanga: baba na tai yake, Maman Claudine na nyusi zake, shangazi, binamu, watoto mbele. Tonton mmoja, mjomba wa Liège, alimtazama Kalenga kutoka kiatu mpaka kola, akamuuliza Maman Claudine jambo sikioni. Maman Claudine alimjibu, bila kushusha sauti, kwamba sombe iko tayari.

Mpiga picha, kijana mwenye haraka, aliinua mkono. Alisema kwanza familia peke yake, marafiki wasubiri kidogo, zamu yao itakuja. Hakumtaja mtu. Lakini Kalenga, ambaye amesikia maneno hayo kwenye harusi nyingi na anajua mahali pake yanapotamkwa, aliachia mkono wa Nathalie taratibu, akatabasamu kwamba si neno, akashuka ngazi moja, akashuka ya pili.

Nathalie alifungua mdomo. Mama yake, upande wa pili, naye alifungua wake. Hakuna aliyewahi. Océane alikuwa ametoka kwenye mstari wa watoto, amesimama mbele ya kamera na jino lake linalotingishika, mkono mmoja umeshika pindo la mkono mfupi wa shati la Kalenga, akimweleza mpiga picha kama anavyomweleza mtu mzima ambaye hajaangalia vizuri:

"Na yeye iko na kikwembe yetu."